Mbegu ya Kuponya Iliyomo Ndani ya Misuli
Somo la mwezi huu kwa walimu wa Injili, wazee wa sharika na Wakristo wote wasomao



Mara nyingi mwalimu wa usharika huitwa nyumbani mwa mgonjwa kabla ya tabibu. Huitwa ili aombe, lakini wenye nyumba hutaka pia jibu: ugonjwa huu umetoka wapi, nani ameuleta, na je, iko dawa? Kwa magonjwa yaliyo mengi twajua la kusema. Lakini uko ugonjwa mmoja wa watoto wa kiume ambao wengi wetu hatukufundishwa, nao huvunja nyumba mara mbili: kwanza kwa kumdhoofisha mtoto, kisha kwa maneno yasemwayo juu ya mama yake. Tena siku hizi limeongezeka jambo la tatu, yaani habari za tiba mpya ya seli shina, ambayo wengine huichunguza kwa uaminifu na wengine huiuza kwa hila. Basi, katika somo hili tutayatazama mambo hayo moja moja, ili tutakapoulizwa tupate kusema kweli.

1. Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa Duchenne, kwa jina la tabibu Mfaransa, Guillaume Duchenne, aliyeandika habari zake mwaka 1861, na tena kwa urefu mwaka 1868. Kabla yake, mwaka 1851, Mwingereza Edward Meryon alikuwa amekwisha kuwaeleza matabibu wenzake wa London habari za wavulana waliopotewa na nguvu hivyo hivyo, wengine wakiwa ndugu wa nyumba moja. Ni mmoja katika jamii ya magonjwa yadhoofishayo misuli. Humpata mtoto mmoja hivi katika kila watoto wa kiume 5,000 wazaliwao, nao haubagui taifa wala kabila, tajiri wala maskini.

Mtoto huzaliwa mzima machoni pa watu. Pengine huchelewa kidogo kutembea. Afikapo miaka mitatu au minne huanza kuanguka-anguka, hawezi kukimbia pamoja na wenzake, na kupanda ngazi humshinda. Mashavu ya miguu yake hunenepa, hata watu hudhani ana nguvu. Kumbe ni mafuta na nyuzi ngumu zilizoshika mahali pa nyama. Akitaka kuinuka chini hushika magoti, kisha mapaja, akijipanda mwenyewe kwa mikono. Afikapo kama miaka 12, wengi hawawezi tena kutembea. Baadaye udhaifu huingia mikononi, na katika misuli ya kuvuta pumzi, na katika moyo, maana moyo nao ni msuli. Zamani wengi walikufa kabla ya kutimiza miaka 20. Siku hizi, wakitunzwa vema, wengi huipita miaka hiyo, na wengine hufika 30 na zaidi.

2. Kosa liko wapi

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho matupu, nazo huitwa seli. Ndani ya seli mmewekwa maagizo ya kuujenga mwili, mfano wa kitabu kilichoandikwa kwa herufi nyingi. Agizo moja, litoshalo kutengeneza kitu kimoja, huitwa jeni. Katika miaka ya 1986 na 1987 Louis Kunkel na wenzake, huko Boston katika Marekani, waliipata jeni ambayo ikiharibika huleta ugonjwa wa Duchenne. Wakakitambua pia kitu kitengenezwacho kwa agizo hilo, wakakiita distrofini. Jeni hiyo ni mojawapo ya zilizo ndefu kupita zote zijulikanazo katika mwili wa mtu, maana herufi zake zapita milioni mbili. Anakiliye kitabu kirefu namna hiyo, si ajabu akikosea.

Na kazi ya distrofini ni nini? Msuli ni tita la nyuzi, na kila uzi una ngozi yake nyembamba. Uzi unapojikaza na kulegea, ngozi hiyo huvutwa huku na huku, nayo ingepasuka kama isingefungwa kwa kamba kutoka ndani. Distrofini ndiyo kamba hiyo. Fikirini nyumba ya miti na udongo. Fito zisipofungwa, ukuta husimama siku chache tu. Kila upepo uvumapo huongeza ufa, na mwenye nyumba hukandika bila kumaliza. Ndivyo ilivyo misuli ya mtoto huyu. Kila hatua apigayo huleta nyufa mpya.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo ugomvi wa nyumba unapoanzia. Maagizo ya mwili yamegawanywa katika mafungu yaitwayo kromosomu, na jeni hiyo imo katika fungu liitwalo X. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume anayo moja, aliyoipokea kwa mama yake. Mwanamke mwenye X moja iliyo na kosa husaidiwa na ile ya pili, hata kwa kawaida hubaki na nguvu zake, ingawa yafaa tabibu auangalie moyo wake. Lakini mwanawe wa kiume akiipokea ile yenye kosa hana nyingine ya kumsaidia. Kwa hiyo kila mtoto wa kiume wa mama huyo yumo katika hatari ya nusu kwa nusu. Tena kuna hili: kama theluthi moja ya wagonjwa wamezaliwa na mama wasio na kosa hilo katika maagizo yao. Kosa limetokea upya, pasipo mtu kulifanya.

Basi mama hakuchagua herufi hizo, kama vile asivyochagua kimo chake. Hakuna aliyemroga mtoto, wala mama hakuvunja mwiko. Wala mume asidhani kwamba akimfukuza mkewe ameiondoa laana, maana laana haipo. Amemwondolea mgonjwa mikono ya kumwinua, basi. Someni tena Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana akayakataa yote mawili, akaigeuza mioyo yao waitazame kazi ya Mungu. Mwalimu aingiapo nyumba yenye ugonjwa huu, na aanze hapo.

3. Mbegu zilizolala

Mtu mwenye afya akijeruhiwa msuli, baada ya majuma kadhaa hupona. Je, nyama hiyo mpya yatoka wapi? Mwaka 1961 Alexander Mauro wa New York alikuwa akiuchunguza msuli wa mguu wa chura kwa darubini ya elektroni. Akaona seli ndogo zimejibana kati ya uzi wa msuli na ala yake ya nje. Akaziita setilaiti, kwa kuwa zakaa kandokando ya uzi kama mwezi ukaavyo kando ya dunia. Akawaza ya kuwa huenda zimewekwa akiba, zikingoja siku ya jeraha. Wazo lake lilikuwa kweli.

Wenye migomba watafahamu upesi. Mgomba ukikatwa, shina lililo ardhini hutoa chipukizi. Chipukizi hukua likawa mgomba, na shina hubaki na nguvu ya kutoa mengine. Ndivyo zilivyo seli hizi, na kwa sababu hiyo huitwa seli shina za misuli. Uzi ukipasuka, zaamka, zaongezeka. Nyingine hugeuka kuwa seli za kujenga, zikaungana na uzi ulioumia na kuutengeneza. Nyingine hurudi kulala, ziwe akiba ya siku nyingine. Tangu utoto hata uzee mtu hutembea kwa msaada wa walinzi hawa asiowajua.

Mtu atauliza: ikiwa mbegu hizo zimo hata katika mtoto mgonjwa, mbona haziponyi? Zipo sababu mbili. Ya kwanza, mbegu zake zina maagizo yale yale yenye kosa. Zikijenga uzi mpya, uzi huo nao hauna distrofini, utapasuka kama wa kwanza. Ya pili ilijulikana mwaka 2015, kwa kazi ya Michael Rudnicki na wenzake huko Ottawa, Kanada. Walionyesha katika panya kwamba mbegu yenyewe nayo huihitaji distrofini inapoamka. Ikiikosa, haigawanyiki kwa utaratibu, na seli za kujenga hutoka chache. Hivyo ukuta wabomoka kila siku, na mafundi nao wamedhoofika. Mwishowe mahali pa nyama hushikwa na makovu na mafuta.

4. Jaribio la kwanza

Wataalamu walipoyajua hayo, shauri lao lilikuwa jepesi kueleza: tutwae seli za kujenga kutoka kwa mtu mzima wa afya, tuzikuze ziwe nyingi, tuzitie katika msuli wa mgonjwa. Mwaka 1989 Terence Partridge na wenzake, huko London, walifanya hivyo kwa panya wenye kosa hilo hilo, na distrofini ikaonekana katika misuli isiyokuwa nayo. Furaha ilikuwa kubwa, nayo ilikuwa ya haki.

Ndipo ilipofika zamu ya watoto. Katika jaribio moja la Marekani, lililotangazwa mwaka 1995, wavulana 12 walidungwa seli zilizotolewa kwa baba zao au ndugu zao. Walidungwa katika mkono mmoja, mara moja kila mwezi kwa miezi sita. Mkono wa pili ulidungwa dawa isiyo na seli, ili ipimwe tofauti. Nguvu za mikono yote miwili zilipopimwa, tofauti haikuonekana.

Msiipite habari hiyo upesi. Watoto hao na wazazi wao walitoa mikono yao kwa ajili ya wengine, na waliowapima hawakuficha matokeo. Kama wangetangaza uwongo wa kufurahisha, wangetajirika kwa muda, na watoto wa baadaye wangedungwa bure. Neno la kweli lililo chungu lilifaa kuliko hayo.

Tena kushindwa kule kulifundisha. Ilionekana kwamba seli nyingi zilizotiwa zilikufa katika siku chache za kwanza. Zilizosalia hazikusambaa, zilibaki karibu na njia ya sindano. Na mwili wa mpokeaji uliziona kuwa wageni, ukapigana nazo. Fikirini pia kwamba misuli ya mtu yapita 600, nayo ile ya pumzi na moyo ndiyo iletayo kifo. Nani atakayeidunga yote kwa sindano?

5. Yaliyofahamika baadaye

Baada ya hayo wataalamu walirudi kuichunguza mbegu yenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa London walichukua uzi mmoja mmoja wa msuli wa panya, pamoja na mbegu zake zilizolala, ambazo pengine hazikupita saba, wakauhamishia katika msuli wa panya mwingine. Kutoka katika mbegu hizo chache zilitokea nyuzi mpya zaidi ya 100, na nyingine zikarudi kujiweka akiba. Kumbe mbegu iliyotoka kitandani pake ina nguvu kuliko maelfu yaliyokuzwa kwa siku nyingi katika vyombo! Tatizo likawa hili: mbegu halisi ni chache mno, na zikikuzwa ziwe nyingi hupoteza hali yao ya ushina.

Kwa nini huipoteza? Mwaka 2010 Helen Blau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha sababu moja. Vyombo vya kukuzia seli ni vigumu, na mbegu ya msuli imezoea malazi laini. Walipozilaza juu ya kitu chenye ulaini kama wa msuli, seli zilikaa katika hali ya shina, na zilipotiwa katika panya zilishika vema. Mkulima hatashangaa, kwa maana ajua ya kuwa mbegu njema yaweza kupotea kwa ajili ya udongo tu.

Wengine walijaribu kupita njia ya damu. Watafiti wakiongozwa na Giulio Cossu walitumia seli nyingine zitokazo kandokando ya mishipa ya damu, ambazo mwaka 2006 zilikuwa zimewafaa mbwa wenye ugonjwa huu. Katika mji wa Milan, Italia, wavulana watano walipewa seli za ndugu zao kwa njia ya mishipa, na matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Kwa sehemu kubwa watoto hawakudhurika, lakini hawakupona.

Njia ya tatu yatoka Ujapani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba seli iliyokwisha kukomaa, kama ya ngozi, yaweza kurudishwa katika utoto wake, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za mtu. Mwaka 2012 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa njia hiyo yawezekana kuitwaa seli ya mgonjwa mwenyewe, kulisahihisha kosa lake nje ya mwili, kuigeuza kuwa seli ya msuli, kisha kuirudisha. Lakini hatari ipo, maana seli iliyorudishwa utotoni yaweza kukua isikome, ikawa uvimbe mbaya. Na mwaka 2016 watafiti waliweza kuzisahihisha herufi hizo ndani ya misuli ya panya walio hai, hata katika baadhi ya mbegu zilizolala, kwa chombo cha kukata jeni kiitwacho CRISPR.

Msiichanganye kazi hiyo na dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023, ipelekayo katika misuli jeni iliyofupishwa. Hiyo si seli shina. Nayo ina hatari zake: mwaka 2025 ilitangazwa kwamba wagonjwa wawili wa Duchenne, waliokuwa hawawezi tena kutembea, walikufa kwa kuharibika ini baada ya kuipokea.

Basi jumla ya maneno ni hii. Mbegu ya kuponya imo kweli ndani ya misuli, na wataalamu wamejifunza mengi juu yake tangu mwaka 1961. Lakini seli shina za misuli hazijathibitishwa kumponya mtoto hata mmoja wa ugonjwa huu. Yote mawili ni kweli, na mwalimu asiyaseme nusu.

6. Yatupasayo sisi

Kwanza, tuwalinde watu na wauzaji wa tumaini. Wako watu wasemao, Leteni fedha, tutamdunga mwana wenu seli shina, atatembea. Baba aliye katika uchungu huuza shamba na ng'ombe. Mfundisheni aulize hivi kabla ya kuuza hata kuku mmoja: Je, hili ni jaribio au ni tiba iliyothibitishwa? Ni baraza gani la matabibu lililoliruhusu? Hatari zake zimeandikwa wapi, nipate kuzisoma na kumwonyesha daktari wetu? Jaribio la haki kwa kawaida halimtozi mgonjwa bei ya kitu kinachojaribiwa, wala halimwahidi kupona. Aahidiye kupona na kutaka fedha mbele, mwacheni.

Pili, tusiseme kwamba hakuna la kufanya. Mtoto na apelekwe hospitali apimwe, ugonjwa ujulikane kwa jina lake. Ziko dawa za jamii ya predinisoloni, ambazo huchelewesha udhaifu na kumwongezea mtoto miaka ya kutembea; lakini zina madhara yake, hazifai kununuliwa dukani bila tabibu, wala kuachwa ghafula. Moyo wake uangaliwe mara kwa mara, hata akiwa hajisikii vibaya. Viungo vyake vinyoshwe kwa upole kila siku, visikazike. Na akihitaji kupasuliwa, wazazi wamwambie daktari mapema juu ya ugonjwa huu, kwa kuwa baadhi ya dawa za usingizi na za kulegeza misuli zaweza kumwua.

Tatu, tuutazame usharika wetu. Mara nyingi mtoto huyu hupoteza miguu yake karibu na miaka ya mafundisho ya kipaimara. Wenzake wanakwenda darasani, yeye amebaki mkekani, na mwaka ukiisha watu husema, Tulimngoja, hakuja. Je, angekujaje? Katika Injili ya Marko, sura ya 2, watu wanne walimbeba mwenye kupooza, na walipokosa mlango walifungua dari. Usharika mzima waweza kupata watu wanne. Waweza kutengeneza mteremko wa udongo na mawe mahali pa ngazi za kanisa. Waweza kumpeleka mwalimu nyumbani mara moja kwa juma. Waweza kumpumzisha mama mchana mmoja alale, maana yeye huamka usiku mara nyingi kumgeuza mwanawe.

Watafiti wangali wakiitafuta njia ya kuiamsha mbegu ile iponye, na sisi tuwaombee, kwa kuwa kazi yao njema ni kipawa cha Mungu. Lakini mtoto aliye mlangoni petu leo asingoje siku hiyo ndipo apendwe.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini seli shina za mtoto mgonjwa hazimponyi? Eleza sababu mbili.
2. Mume asema, Ugonjwa umetoka ukoo wa mke wangu, na aende kwao. Utamjibu nini juu ya jeni, na utamjibu nini kutoka Yohana 9?
3. Jaribio lililotangazwa mwaka 1995 halikuleta nguvu. Lilifaa nini?
4. Mtu amekuja kijijini akiuza seli shina. Ni maswali gani matatu atakayoulizwa?
5. Katika usharika wenu, ni nani asiyekuja kanisani kwa kukosa miguu? Watajeni watu wanne watakaombeba, na siku watakayoanza.